Pengo la Wimbo wa Nne

Matarumbeta ya kanisa letu tuliyafukia kwenye shimo la ndizi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi kuna watu wanasema wimbo wetu wa nne ulishushwa na Roho, na wengine wanasema uliibwa Ulaya. Ulitoka shimoni, nyuma ya nyumba yetu pale Maruku, karibu na Bukoba, wakati nduli wa nchi jirani alipovuka mpaka na mizinga yake ikawa inasikika kama mtu anayeburuta kabati chumba cha pili.

Wenye makosa katika habari hii nitawataja kwa vyeo vyao tu. Majina wanayo na majirani wanayajua. Majina ya marehemu pia sitayaandika. Yana mahali pake pa kutajwa, na habari yenyewe ni ya mahali hapo.

Aliyetoa wazo la shimo ni mdogo wangu, mpiga tarumbeta wa kwanza. Kwetu ndizi za rubisi, pombe yetu, hukatwa mbichi, zikafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba na kupashwa moto, zikaiva humo. Kila nyumba ina shimo lake. Mdogo wangu alisema adui akiona udongo umechimbuliwa kwenye kibanja cha Mhaya, shamba lake la nyumbani, atajua ni pombe tu inaandaliwa, atapita. Nilimwambia askari akijua ni pombe ndiyo atafukua haraka zaidi.

"Kaka," akasema, "wewe umeishia darasa la nne. Mambo haya niachie mimi."

Yeye aliishia la tano.

Basi tukayafukia, na juu yake akaweka mikungu miwili ya ndizi za kweli ili adui akifukua adanganyike. Mimi nilikuwa mpiga ngoma kubwa. Ngoma haikuingia shimoni, kwa hiyo tulikimbia nayo hadi Kimwani, na huko mama akaitumia kuwekea maharage. Adui hakufika Maruku. Tuliporudi, ndizi zilikuwa zimeiva, zimeoza na kutiririka, na matarumbeta yalikuwa yamelala ndani ya pombe ambayo hata mlevi wa kijiji aliikataa. Mwalimu wetu wa tarumbeta, ambaye ndiye aliyekuwa na dhamana ya vyombo vya kanisa, aliyaosha kwa mafuta ya taa huku akilia. Yote yalipona isipokuwa ile ya mdogo wangu. Kibonyezo chake cha katikati kilikuwa kikizama hakirudi mpaka ukigonge.

Huyo Mwalimu ni wa kwanza katika wale nitakaowataja, lakini bado hajakosa. Tumvumilie.

Baada ya vita kanisa lilipata kijana wa Kizungu, dereva wa lori la misaada. Alikuwa na redio kaseti na kanda ya vijana wa kwao wanaopiga gitaa na matarumbeta kwa pupa, kama watu walioambiwa nyumba yao inaungua na wakafurahi. Alisema muziki huo unaitwa ska, na ukizidisha mbio na makelele unakuwa panki. Kitu alichotufundisha ni kimoja: gitaa lipige pale mguu unapokuwa hewani, si pale unapokanyaga. Mwalimu alisema hilo ni kosa la kuhesabu.

"Mwalimu waitu," mdogo wangu akamwambia kwa heshima ya kwetu, "sisi tumekimbia vita. Mguu ukiwa hewani tunajua unakuwaje."

Tukaanza kupiga hivyo siku ambazo si za ibada. Watu wakapenda, Mwalimu naye akaanza kupenda alipoona watu wanapenda, na mwishowe akasema turekodi kanda yetu. Tulirekodiwa Kashozi, kwa Wakatoliki, kwa sababu mashine ilikuwa ya fundi Mkatoliki na fundi wa Kilutheri hakuwapo. Kanda tupu ilikuwa moja. Nchi nzima ilikuwa haina sabuni, sembuse kanda. Tulikuwa na nyimbo nane, na kwa mwendo wetu wa kawaida zingeingia tano. Mwalimu hakukubali kuacha wimbo hata mmoja, kwa kuwa zote alizitunga yeye, kwa maelezo yake. Kwa hiyo tulizipiga zote mbio. Miaka iliyofuata vijana walikuja kutuuliza tulijifunzia wapi kupiga kwa kasi vile. Tulijifunzia kwenye upungufu wa kanda.

Wimbo wa nne ulimhusu ng'ombe wa mpakani aliyekataa kuvuka mto Kagera na askari waliomteka. Baada ya ubeti wa pili tarumbeta ilitakiwa imjibu mwimbaji, mlio mmoja mrefu, kama ng'ombe anayekataa. Mdogo wangu akavuta pumzi, akabonyeza, kibonyezo kikazama. Ikatoka hewa tu, fuu. Sisi wengine tukanyamaza wote kwa pamoja. Hatukupanga. Kila mmoja alidhani aliyekosea ni yeye. Kwenye kanda unasikia kimya, unasikia chuma kinagongwa pajani, unasikia mbuzi wa fundi, halafu tarumbeta inaingia kwa hasira na sisi sote nyuma yake.

"Turudie," Mwalimu akasema.

"Turudie kwenye nini?" fundi akamjibu.

Kanda ikatoka na pengo lake.

Waliolifanya pengo kuwa kitu ni wavuvi. Wachuuzi wa samaki waliibeba kanda kutoka Bukoba hadi kwenye mialo ya Muleba, inakotia nanga mitumbwi ya wavuvi, na kutoka huko ikavuka kwenda visiwani, ambako watu wametoka kila pembe na hawana cha kufanya nyavu zikiwa zinakauka. Waliisikiliza mpaka wakajua pengo linakuja lini. Likifika, walikuwa wakipiga kelele: "Bonyeza!" Mara tarumbeta inaingia, na wao wanaruka. Tulipoitwa kwenda kupiga huko wenyewe, Mwalimu alikuwa amekwisha kukitengeneza kibonyezo, na mdogo wangu akaupiga wimbo wa nne bila kusimama, vizuri kabisa. Walimzomea. Mmoja akadai tumewaletea bendi nyingine. Tangu siku hiyo pengo likawa sehemu ya wimbo, na mdogo wangu akawa anagonga paja kwa tarumbeta iliyo nzima.

Huko mwaloni ndiko alikompata mke wake. Alikuwa binti wa muuza dagaa, ana sauti ya kuita mtumbwi uliokwisha kuondoka. Siku ya kwanza alimpigia kelele ndani ya pengo, "Bonyeza, wewe mwanaume, tumezeeka!" Mdogo wangu akacheka, akashindwa kuingia, pengo likawa refu kuliko siku zote. Wakaoana kabla ya msimu wa senene. Akaja kukaa Maruku, akapanda kahawa na migomba kwenye kibanja ambacho mdogo wangu alikuwa amekiacha kama pori kwa sababu ya kazi ya sanaa.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni tuliuita kwa jina la kitambaa cha magendo, maana waliokuwa wakikiuza ndio walioanza kukonda. Baadaye tuliuita "hali", tukasema fulani yuko katika hali. Nimesikia watu wengi wanamlaumu Mungu kwa miaka ile. Mimi namlaumu mtu wa karibu zaidi. Mdogo wangu alipendwa sana visiwani, na hakuwa mtu wa kukataa kupendwa. Naye namtaja. Alikufa amebaki macho na meno, na kifua chake hakikuweza hata kupuliza kibatari. Watu huniuliza mimi nilitumia dawa gani nikabaki. Sikutumia dawa. Mpiga ngoma kubwa hukaa nyuma, na sura yangu haikuwahi kumsumbua mwanamke yeyote.

Tulimzika kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipanda mkewe, kama kwetu tunavyozika. Kilio kilipokwisha, Baba Mkubwa, kaka yake baba yetu, aliitisha kikao cha ukoo. Alisema ukoo hauwezi kumwachia kahawa mwanamke asiyezaa mtoto wa kiume, na kwamba huyu ndiye aliyeyaleta mauti kutoka ziwani. Nilipinga. Nilisema mauti hayakuletwa, yalifuatwa. Baba Mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, akasema amenisikia, na kikao kikafungwa kwa sala. Shemeji yangu alitoka na sufuria, kitenge na jembe. Njiani wakamsimamisha, jembe wakalichukua. Akaambiwa asionekane tena kwenye kibanja, wala kwenye kaburi, kwa sababu kaburi limo kwenye kibanja. Kahawa ile Baba Mkubwa anaivuna mpaka leo. Ana afya nzuri.

Shemeji akarudi mwaloni, akaishi muda na mvuvi mmoja aliyemjengea kibanda. Kanisa lilipopata habari likamtenga, kwa kuwa hawakufunga ndoa. Kwa hiyo hata ile Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, ambapo majina yanasomwa, yeye hakuwa na wa kumpelekea jina.

Miaka hiyo bendi ilikuwa imebaki mimi, Mwalimu na vijana wa kuokoteza. Kupiga kulikuwa kwa shida. Kwetu mtu akifa kijijini hakuna anayeshika jembe mpaka siku za kilio ziishe, na ngoma nayo hunyamaza. Zamani lilikuwa jambo la heshima. Sasa ukawa mwaka mzima wa heshima, na mashamba yakawa nyika. Mwishowe wazee walikaa wakapunguza siku za kilio, kwa sababu walioona kwamba tutakufa njaa kwa adabu walikuwa wengi kuliko wenye adabu. Tukapata nafasi ya kupiga katikati ya msiba na msiba.

Safari moja tulikwenda mwaloni, Muleba. Wimbo wa nne ukafika kwenye pengo. Aliyeshika tarumbeta alikuwa kijana mgeni, akasimama kama alivyofundishwa. Wavuvi wakawa wanavuta pumzi ili waseme "Bonyeza!", na shemeji yangu akawawahi. Aliita jina la mdogo wangu. Jina kamili, la ubatizo na la kwetu, kwa ile sauti ya kuita mtumbwi. Kijana akaingia na tarumbeta, tukamaliza wimbo.

Mzee mmoja mwenye ndevu za kijivu akaja mbele. "Rudieni huo," akasema.

Tukarudia. Ndani ya pengo yule mzee akaita jina, mwanamke nyuma yake akaita lingine, na mimi kutoka kwenye ngoma nilisikia kama watu ishirini wanaita kwa pamoja, kila mtu wake. Huwezi kusikia hata jina moja. Lakini kila aliyeita alijua ameita. Mwezi uliofuata ilikuwa hivyo kila tulikokwenda, na hata mahali ambapo hatukwenda, ambako walikuwa na kanda tu. Kwenye kanda mdogo wangu mwenyewe ndiye anayegonga paja, na wao wanamwita.

Sasa tumrudie Mwalimu. Mwalimu alikuwa amepanda cheo, anaendesha semina. Akapata wafadhili waliotaka nyimbo za kuelimisha jamii, akawaambia anayo kanda maarufu, inahitaji tu kurekodiwa upya. Aliniita nyumbani kwake mjini, akaninywesha chai ya maziwa, akanisomea maneno mapya. Yule ng'ombe aliyekataa kuvuka mto alikuwa amegeuka kijana mwaminifu aliyekataa vishawishi.

"Na kwenye wimbo wa nne," akasema, "pengo tunaliziba."

"Kwa nini?"

"Kwanza lilikuwa kosa la chombo. Sasa tuna tarumbeta mpya. Pili, ndugu yangu, wewe unaona sawa Wakristo kuita wafu gizani?"

"Huwa tunapiga mchana."

"Unanielewa."

"Na wenye majina wataitia wapi?"

"Kanisani kuna Jumapili yake."

"Shemeji yangu mmemtenga."

Mwalimu akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Atubu," akasema.

Juma hilo shemeji alikuja kunitafuta kwenye gulio la Muleba, ana beseni la dagaa kichwani. Alikuwa amekonda, ila si kwa namna ile. Alikuwa amekonda kwa kazi.

"Shemeji," akasema, "bado unapiga ngoma kama mtu anayefukuza kuku?"

"Kuku wenyewe hawajalalamika. Habari za mwaloni?"

"Mnaliziba."

"Nani kakuambia?"

"Wavuvi wanajua mambo ya Bukoba kabla hayajatokea." Akashusha beseni. "Kibanjani nilifukuzwa, nikanyamaza. Kanisani nikatengwa, nikasema sawa, na mimi kweli nilikaa na mtu. Sasa mwambie Mwalimu wako, akishaziba na pale, aje anionyeshe pa kusimama nikimwita mume wangu. Hata chooni. Aseme tu."

"Nitamwambia."

"Usimwambie. Unaongea vibaya. Hata kwenye kikao kile uliongea vibaya." Akanifungia dagaa kwenye gazeti bila kuniuliza kama nataka.

Tulirekodi mjini Bukoba, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoroke. Kulikuwa na kinanda cha umeme, waimbaji wenye sare na kijana wa tarumbeta aliyesomea muziki, hodari kwelikweli, sitamtaja, hakukosa. Fundi alirekodi wote kwa mpigo mmoja. Jioni meli ilikuwa inaondoka kwenda Mwanza, na Mwalimu alitakiwa awe ndani yake na kanda, kwa kuwa huko ndiko zingetolewa nakala na wafadhili walikuwa wanamsubiri bandarini. Awali alikuwa amepanga ngoma ipigwe na kijana mmoja wa seminari, mimi nikae tu kwenye picha. Kijana huyo alifiwa alfajiri. Ikabidi nipige mimi.

Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda vizuri, kwa mwendo wa maandamano ya wazee. Kanda sasa zilikuwa tele, hakuna aliyekuwa na haraka. Wimbo wa nne ukaanza. Baada ya ubeti wa pili kijana akainua tarumbeta, na mimi nikaweka vigongo magotini.

Wimbo usio na ngoma ni kama meza iliyotolewa mguu. Kinanda kiliendelea kidogo, waimbaji wakatazamana, yote yakaanguka.

"Umesahau?" Mwalimu akauliza.

"Sijasahau."

"Tunarudia. Hapo hakuna kusimama."

"Nimesikia."

Tukarudia. Nikasimama. Fundi akavua vile vya masikioni, akawasha sigara. Tukarudia tena, nikasimama tena. Sikuwa nimekasirika. Mkono haukwenda, na mimi sikuusukuma.

Mwalimu akaja karibu, akainama ili waimbaji wasisikie. "Unaniharibia kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kibonyezo kibovu? Mdogo wako mwenyewe alikuwa anakionea aibu."

"Alikionea. Mkewe hakionei aibu."

"Nipe hivyo vigongo."

Nikampa. Mwalimu alikaa kwenye ngoma, akajaribu. Kusoma nota alijua, kupuliza alijua, lakini ngoma kubwa inataka mtu aliyezoea kukaa nyuma. Alikuwa anaiwahi kama anayetaka kufika kabla ya wimbo. Waimbaji wawili wakacheka ndani ya sare. Akanirudishia vigongo. Meli ikapiga honi ya kwanza.

"Liache pengo," akasema. "Nitajua la kufanya."

Tukapiga na pengo, mara moja, safi. Yule kijana wa tarumbeta aligonga hata paja lake. Nadhani aliisikiliza ile kanda ya zamani mahali fulani, hakusema. Mwalimu akaondoka mbio na kanda kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo. Siku aliporudi kutoka Mwanza aliniarifu kwamba kanisa linashukuru kwa utumishi wangu na ngoma ibaki stoo.

Hilo la kufanya tulilijua nakala zilipofika. Ndani ya pengo, huko Mwanza, alikuwa amepachika sauti yake mwenyewe: "Ndugu wapendwa, tuwe waaminifu." Sauti nzuri, ya semina. Inaanza pale pale tarumbeta inaposita na kuisha pale inapoingia, haikubakiza hata nafasi ya kumeza mate. Niliisikiliza nyumbani kwa jirani, nikaondoka kabla ya wimbo wa tano.

Nilikwenda mwaloni mwenyewe kumwambia shemeji, asije akasikia kwa wengine. Nilichelewa. Mwenye duka la nyavu alikuwa amekwisha kununua kanda mpya, kaiweka, spika ameitoa nje. Watu walikuwa wamesimama, na wengine wameketi kwenye mitumbwi iliyopinduliwa. Wimbo wa nne ulikuwa unakwenda polepole na yule kijana wake mwaminifu, wavuvi wakilalamika na kuulizana ng'ombe amekwenda wapi. Shemeji alikuwa anaanika dagaa. Nikaanza kumwelekea. Sikumfikia. Ubeti wa pili uliisha.

Wakaita. Walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwasikia, maana tangu safari ya mwisho kila mtu alikuwa ameongeza. Shemeji aliita akiwa ameinama, mikono ndani ya dagaa, hata hakunyoosha mgongo, na bado sauti yake niliipata juu ya zote. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na ngoma ya kunizuia, niliita. Halafu tarumbeta ikaingia.

Nilipomfikia alikuwa anawageuza samaki upande wa pili.

"Shemeji," nikasema, "Mwalimu ameweka maneno pale. Nililipigania pengo libaki, akalijaza Mwanza."

Akainua uso. "Ameweka maneno wapi?"

"Ndani ya pengo. Umeyasikia."

"Sikusikia kitu." Akamgeukia mwanamke wa kichanja cha jirani. "We, umesikia mtu anaongea pale?"

"Nani aongee pale?" yule akasema.

Shemeji akaokota dagaa aliyeanguka, akampuliza mchanga, akamrudisha kwenye safu. "Alisema nini, kwani?"

"Alisema tuwe waaminifu."

Alifikiri kidogo.

"Mimi nilikuwa," akasema, akasogea kwenye safu nyingine.